Manyoya ya Kijivu, Maziwa ya Kijivu

Nina sweta moja ya bluu ya kwenda kanisani, na mwaka ule, tangu sikukuu ya Krismasi hadi Pasaka inakaribia, sikuivaa hata mara moja bila mtu kunitoa kitu mgongoni. Tumesimama kuomba, macho yamefungwa, nasikia vidole vya mama wa kiti cha nyuma vinachomoa, vinachomoa, kama anayechambua mboga. Mimi namweleza Mungu shida zangu, huku nyuma nanyonyolewa. Jumapili moja mama yule aliniuliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi tumeanza kufuga kondoo. Nikamwambia ni mbwa. Akanitazama kwa huruma, akataka kujua kama tumeshampeleka kwa daktari.

Mbwa hakuwa mgonjwa, na hilo ndilo lililonichemsha. Angekuwa mgonjwa ningemhurumia. Alikuwa mzima, anakula vizuri kuliko mimi, analala mlangoni mwa jikoni kwangu mchana kutwa na kuliacha koti lake kila mahali anapopita.

Alikuwa mbwa wa mzee wangu, yaani mume wangu. Mzee alifanya kazi ya umekanika katika kiwanda cha majani chai miaka yote ya ujana wake, na alipostaafu alirudi nyumbani na vitu viwili, maumivu ya mgongo na mbwa. Mkubwa mmoja wa pale alikuwa anahama, akamwachia kitoto cha mbwa, jike, wa ile aina ya Kijerumani wanayofuga polisi, ila huyu alikuwa na manyoya marefu, mkia kama tambara la kupigia deki. Mzee alimpenda mbwa yule kwa namna ambayo sitaki kuilinganisha na kitu kingine, maana tutagombana tena.

Nilikuja kujifunza kwamba mbwa wa namna hii ana makoti mawili. La nje ndilo refu, jeusi lililochanganyika na hudhurungi, ambalo wageni hulisifia. La ndani hulioni mpaka siku litakapoamua kutoka. Ni laini, zito, limejaa hadi kwenye ngozi, na rangi yake ni ya majivu. Lile la nje hudondoka moja moja mwaka mzima, na hilo nilishalizoea. Ni hili la ndani lililotaka kunitoa roho, maana likianza kutoka linatoka lote, vishungi kwa vishungi, linaelea hewani, linaingia kwenye unga, kwenye sukari, kwenye kikombe cha chai ulichokigeuza mwenyewe kikaangalia chini.

Binti yangu, aliyekuwa Nairobi, alinitafutia maelezo kwenye simu akanitumia. Nikavaa miwani nikasoma. Yakasema mbwa hawa hunyonyoka mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya majani kuanguka. Nikamuuliza, mama, majira ya kuchipua hapa Kapsoit ni mwezi gani? Chai inachipua mwaka mzima, tunachuma Januari tunachuma Desemba. Sisi tuna mvua, na mvua iliyopungua. Mbwa mwenyewe ndiye aliyejiamulia, na aliamua kwamba msimu wake ni jua la mwanzo wa mwaka, wakati ule ule binti huyo huyo alipokuwa anatuletea wakwe.

Hapo ndipo ilipokuwa shida yangu, na lazima nieleze vizuri, la sivyo mtu ataona nilikuwa mwanamke wa kuchukia mbwa bure.

Mimi si wa hapa. Wazazi wangu walitoka upande wa Kisii, wakaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, nikakulia kwenye nyumba za wafanyakazi, nikaolewa nyumba hii ya Wakipsigis nikiwa msichana. Mama mkwe wangu hakunikataa. Hakuwahi hata siku moja kunitukana. Alichofanya ni kushika vibuyu. Kila sherehe katika boma hili, kila mgeni wa maana, mursik aliitayarisha yeye, yale maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichopakwa makaa mpaka yageuke rangi ya kijivu na kuwa na ladha ya moshi. Mimi nilipewa ugali, nikapewa mboga, nikapewa chai. Wageni wakiuliza kuhusu mimi, alikuwa anasema, "Huyu mtoto wa watu anapika chai vizuri sana." Na watu wanasifu chai. Nilikuwa nacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nasikia mlango ukifungwa. Nimezaa hapa, nimezika mtoto hapa, bado ni mtoto wa watu, na bado kazi yangu ni chai.

Basi macho yake yakaanza kuingia ukungu. Ilifika mahali akawa anamtambua mtu kwa mwendo. Na jioni moja, baada ya habari za posa kufika, alikuja jikoni kwangu akipapasa ukuta, akaketi, akaweka mezani vibuyu vitatu. Kile kikubwa kilikuwa cha mama yake mzazi, chenye mkanda wa ngozi na shanga. Juu yake akaweka sosiot, ule ufagio wa kusugulia kibuyu ndani, ambao ni ufito wa mkindu uliopondwa ncha mpaka ukawa nyuzi ngumu. Sosiot ile ilikuwa imeng'aa mpini kwa sababu ya kiganja chake.

"Maziwa ya koito utaweka wewe," akasema.

Koito ni siku ile wazee wa upande wa mvulana wanakuja kuongea mahari. Nilisimama na mwiko mkononi kama mjinga. Yeye akageuza uso upande wa mlango, ambako mbwa wa mzee alikuwa amelala akikoroma.

"Lakini yule mbwa," akasema. Akainuka, akapapasa ukuta, akaenda zake.

Na wakwe wenyewe sasa. Walikuwa wanatoka Chebunyo, kule Chepalungu, watu wa ng'ombe. Hawa si watu wa kuwapa kikombe wakanywa kwa adabu. Mtu wa kule akionja maziwa anakuambia ng'ombe alikula nini. Ningewapa mursik yenye unywele wa mbwa, habari ingefika Bomet kabla yao. Na si habari ya mbwa. Ingekuwa ni habari ya yule mwanamke wa Kisii na maziwa yake.

Kilichonitisha zaidi ni rangi. Mursik nzuri ni ya kijivu. Manyoya ya ndani ya mbwa yule yalikuwa ya kijivu, rangi ile ile, kama mtu alikuwa ameyapima. Yangeingia kwenye kibuyu nisingeyaona kwa macho yangu mazima, sembuse mama mkwe. Ni ulimi tu ungeyapata.

Nikaanza vita. Kwanza nilichukua kitana cha mbao cha kuchania nywele, kile chenye meno marefu. Meno mawili yalibaki ndani ya mbwa. Nikajaribu glavu za mpira, nikawa nampapasa kwa kumrudisha nyuma manyoya. Kidogo kilitoka, lakini kilikuwa cha juu juu, na mbwa akadhani ni mchezo, akanirukia na kunipaka matope kifuani. Nikaenda Kapsoit kwenye duka la dawa za mifugo. Kijana wa pale aliniuliza maswali ya maana: anajikuna? Ana mahali palipobaki ngozi tupu? Ngozi ni nyekundu? Nikasema hapana, hana upele, hana viroboto, ana kiburi tu. Akasema basi ni koti linabadilika, hakuna dawa ya kulizuia, ni kulisaidia litoke haraka. Mwogeshe, mkaushe kabisa, kisha mchane kila siku, nje ya nyumba, ukigawanya manyoya safu kwa safu mpaka uone ngozi, uchane kutoka kwenye ngozi kwenda nje. Akaniuzia brashi ya ng'ombe, maana ya mbwa hakuwa nayo.

Na akanionya nisimnyoe. Alijua nilikuwa nalifikiria. Kila mtu njiani alikuwa ananiambia mnyoe, shemeji yangu hata alikuwa ameniletea mkasi wa kukatia kondoo, umeshanolewa. Kijana akasema lile koti la ndani ndilo blanketi lake kwenye baridi na ndicho kivuli chake kwenye jua, na nikilikata linaweza kurudi ovyo, la ndani likitangulia la nje, nikajikuta nina manyoya ya kijivu zaidi. Ni hiyo "zaidi" iliyonizuia. Ningesema ni huruma ningekuwa nadanganya.

Basi nikamwogesha. Wacha nikuambie kitu kuhusu kumwogesha mbwa wa makoti mawili katika nchi ya mvua. Unachemsha maji kwenye kuni alfajiri. Unamfunga kwenye nguzo ya tangi. Unamwagia, na maji hayaingii, yanateleza juu kama kwenye jani la nduma, mpaka uyasukume kwa vidole. Ukishayaingiza, hayatoki. Nilimkausha kwa taulo zote za nyumba hii pamoja na ile ya wageni. Saa nne alikuwa bado analowesha ukipapasa ndani. Nikamwacha juani, nikamwambia mzee, nakuomba kitu kimoja tu katika maisha yangu, mwangalie asiingie kwenye matope, mimi napeleka chai. Mzee akasema sawa.

Kiangazi chenyewe siku hizi hakijielewi. Nilikuwa bado kwenye kituo cha kununulia majani nilipoona wingu limesimama juu ya mashamba, na kabla karani hajaning'iniza gunia langu kwenye mizani, mvua ikashuka. Niliporudi, mzee alikuwa barazani na redio yake, na mbwa alikuwa ameingia jikoni kwangu. Alikuwa amejikung'uta humo. Ukuta ulikuwa na manyoya. Sufuria zilikuwa na manyoya. Na yale yaliyobaki mwilini, kwa vile yalilowa tena kabla ya kukauka, yalikuwa yamejikunja madonge nyuma ya masikio na kwenye mapaja, magumu kama sabuni ya kipande.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia kwa hasira. Si huzuni, ni hasira. Nilikuwa nimechoka, nimelowa, siku ya koito ilikuwa inakuja, na mwanamume aliyeniletea mnyama yule alikuwa anasikiliza mpira. Akaja mlangoni, akaona nalia, akashangaa kweli kweli.

"Si ni manyoya tu," akasema.

"Kwako ni manyoya," nikamwambia. "Kwangu ni maziwa ya koito. Mama yako amenipa vibuyu mara moja tangu unioe hapa, na mbwa wako ataninyang'anya."

Ni mtu ambaye huwezi kugombana naye vizuri, anakuacha na maneno yako mdomoni. Kisha akasema atasaidia. Mimi hiyo "nitasaidia" ya mzee naijua. Ameitumia kwa choo, kwa ua, kwa bati la jikoni linalovuja mpaka leo. Nikapangusa machozi nikaanza kukata madonge kwa mkasi mdogo, moja moja, huku mbwa amenilalia miguuni, ananilamba mkono, hana habari.

Nikafanya mipango yangu mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kuchuma nilimchana nje, kule nyuma kwenye migomba, upepo ukiwa unatoka nyumbani kwenda kwenye chai na si vinginevyo. Brashi ya ng'ombe ilikuwa pana mno, ilipita juu, lakini nilisukuma. Nilivaa ile aproni ya plastiki ya kuchumia chai, kwa sababu niligundua manyoya hayaishiki, ukiipiga maji yanashuka yote. Ndege walinijua. Nikimaliza tu walikuwa wanashuka kubeba vishungi kwenda kujengea viota, na huo ndio msaada pekee niliopata katika boma lile.

Kwa ajili ya maziwa nilihamia stoo ya zamani, ile ya mahindi. Niliisafisha, nikaipangusa kuta kwa kitambaa kibichi, nikaziba chini ya mlango kwa gunia. Mtu angeniona angedhani napika pombe haramu. Nilikuwa naoga, nafunga kitambaa kichwani, navaa gauni lililoanikwa ndani ya stoo, ndipo nagusa kibuyu. Nikasugua vibuyu viwili vidogo kwa sosiot na maji ya moto, nikavikausha. Nikachoma kijiti cha senetwet, ule mti wa maua ya manjano ambao wao wameutumia tangu zamani, nikaingiza kaa lake ndani ya kibuyu nikasugua kuta zake mpaka zikawa nyeusi na zinanukia. Nimemwangalia mama mkwe akifanya kazi hiyo miaka yote, nikiwa nimesimama karibu na birika langu la chai. Mikono yangu ilikuwa inaijua bila kufundishwa. Nikamimina maziwa yaliyochemka na kupoa, nikafunga vifuniko, nikavilaza. Kile kikubwa cha shanga nikakiacha nikisubiri maziwa ya kutosha, maana ng'ombe wetu ni mmoja na ana mambo yake.

Kila baada ya kazi niliirudisha sosiot mahali pake, kwenye msumari ukutani mwa jikoni, kama mama mkwe alivyozoea kuiweka kwake. Sikufikiria kuificha. Ungeificha kwa nini? Nani angeichukua?

Ilikuwa wiki ya koito yenyewe. Nilikuwa nimetoka kituoni, kikapu mgongoni ni kitupu, nikasikia mzee anaongea na mtu nyuma ya nyumba kwa sauti ya kubembeleza. Nikazunguka. Mbwa alikuwa amelala ubavu chini ya migomba, macho yamefumba, miguu imelegea, na kando yake kulikuwa na rundo la manyoya ya kijivu ambalo ungeweza kujazia godoro la mtoto. Mzee alikuwa amepiga goti na mgongo wake ule mbovu, anagawanya manyoya safu kwa safu kama nilivyokuwa nimemweleza, na kila akivuta, linatoka pande zima. Koti la nje lilikuwa linang'aa. Nilikuwa nimepigana wiki ngapi kutafuta hicho, na yeye amekipata kwa asubuhi moja.

Nilifurahi. Nasema ukweli, moyo uliniyeyuka. Nilimwona tena yule kijana wa karakana aliyenioa. Nikataka hata kumwambia neno zuri. Akageuka, ametabasamu, akainua kifaa chake anionyeshe.

Ilikuwa ni sosiot.

Sikupiga kelele. Watu wanaonijua hawaamini. Niliitazama tu. Nyuzi za mkindu zilikuwa zimejaa manyoya mpaka kwenye mpini. Mzee, maskini, alikuwa anaendelea kunieleza jinsi brashi ile ya ng'ombe ilivyo butu, na jinsi hii inavyofika kwenye ngozi bila kumuumiza, ngumu lakini haichomi. Mtu amekulia boma hili, amenyweshwa mursik kabla ya uji, na hakuona kitu. Kwake vyombo vya maziwa ni vya wanawake, na cha wanawake kikiwa ukutani ni kijiti tu.

Nilimuuliza jambo moja, ameichukua lini. Akasema asubuhi ile, mbona. Nikamwambia aape. Akaapa. Maana yake vibuyu viwili vilivyolazwa vilikuwa salama, vilisuguliwa kabla. Lakini kile kikubwa, kile ambacho wageni watakiona, kilikuwa hakijaguswa, na sasa sikuwa na cha kukisugulia. Na sosiot haiuzwi dukani Kapsoit. Nilipaswa kwenda kumwambia mwenyewe.

Nilimkuta mama mkwe kwenye kiti chake cha mlangoni akiota jua. Tunamwita Kogo, bibi, wote, hata mimi, kwa sababu ya watoto. Nilimwambia, "Kogo, sosiot yako imeharibika." Akauliza imevunjika? Nikasema hapana. Nikamweleza yote, na nilipokuwa naeleza nilijisikia ninavyoonekana: amepewa vibuyu mara moja, chombo cha mama kimeishia kwenye tumbo la mbwa. Nikasubiri aseme lile ambalo nilikuwa nimelisubiri tangu nilipoingia boma hili, kwamba ni afadhali mtoto wa watu angebaki na chai.

Hakusema. Alikaa na uso wake umeelekea kwenye jua.

"Na ilitoa?" akauliza mwishowe.

"Nini, Kogo?"

"Manyoya."

"Ilitoa. Yote."

Akatikisa kichwa, akaniambia niende nikapike. Nikaenda. Nilichemka siku ile mpaka chumvi nikaitia mara mbili, na hakuna aliyethubutu kusema.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekaa jikoni kwangu kabla sijawasha moto. Alikuwa ametembea mwenyewe hadi kwa jirani wa chini mwenye mkindu, na macho yale, kwenye umande ule, akaomba ufito akaja nao. Gauni lake lilikuwa limelowa hadi magotini. Mapajani mwake kulikuwa na sosiot mpya, mbichi, ncha imepondwa sawasawa. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo. Akanipa mkononi.

"Hii ufiche," akasema.

Nikakisugua kibuyu cha mama yake siku hiyo hiyo. Nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipakaza makaa, nikaweka maziwa, nikafunga, nikafunga na mlango, na ufunguo nikautia kifuani.

Siku ya koito mbwa alifungwa kwa jirani, ng'ambo ya chai, akawa analia tangu alfajiri kama aliyefiwa. Mimi nilikuwa nimepangusa kila kiti kwa kitambaa kibichi, nimefua mapazia, nimezungushia mkanda wa gundi kwenye mkono nikawa nampiga piga mzee koti lake mpaka akasema basi. Watu wa Chebunyo walifika saa nne, wamevaa vizuri, wengi kuliko tulivyoambiwa. Miongoni mwao alikuwa bibi wa kijana, mwanamke mrefu mwenye macho makali sana, ambaye alitazama ng'ombe wetu kabla ya kutusalimia.

Kabla ya wazee kuingia kwenye mazungumzo, maziwa yanatangulia. Na mwenye boma huonja kwanza, mgeni aone. Nilileta kibuyu cha shanga nikiwa na sweta yangu ya bluu, niliyoikagua uzi kwa uzi, nikamimina kikombe cha kwanza mbele ya watu wote nikampa mama mkwe. Maziwa yalitoka mazito, ya kijivu, yananukia moshi. Nikasikia mtu upande wa wageni akiguna kwa kuridhika. Nikajiambia, nimefika.

Akanywa. Halafu akasita. Kikombe kilibaki mdomoni, koo likaacha kutembea. Nilimwona shavu likisogea, ulimi unatafuta, na mimi nikajua. Nilijua kabla hajainua mkono. Nikashika kibuyu kwa mikono miwili nisikiangushe. Bibi wa Chebunyo alikuwa ameketi mbele yake kabisa, anamtazama.

Mama mkwe alijipangusa mdomo kwa vidole viwili, taratibu, kama mzee yeyote anavyojipangusa. Vidole vikashuka mpaka kwenye pindo la gauni, vikajifuta hapo, chini ya goti, upande wangu. Niliuona unywele. Mwembamba, laini, wa kijivu. Akarudisha kikombe mdomoni, akanywa mpaka mwisho, akakinyoosha kwangu.

"Ongeza," akasema. Kisha akageuka upande wa wageni, upande ambao sidhani kama aliona kitu zaidi ya vivuli. "Haya ni maziwa ya mke wetu. Kunyweni."

Wakanywa. Bibi wa Chebunyo alikunywa akaomba tena. Nilimimina, nikiangalia kila kikombe, na kila kikombe kilirudi kitupu. Wazee wakaingia ndani, wakaongea mpaka jua likageuka, wakatoka wanacheka. Binti yangu akapata watu wake.

Wageni walipoondoka nilimfuata mama mkwe kwenye kiti chake cha mlangoni. Nilikuwa nimebeba lile neno siku nzima na lilikuwa linanichoma. Nikamuuliza, "Kogo, kulikuwa na nini kwenye kikombe?"

"Makaa," akasema.

Nikamwambia nimeona. Ng'ambo ya chai mbwa alikuwa bado analia, sauti imemkauka.

"Makaa tu," akasema tena. "Na yule mbwa kamfungulie, amelia sana."

Nikaenda kumfungulia. Sikukumbuka kuvua sweta.